Anayekula Uyoga Kwanza

Kwa mama mkwe wangu uyoga haukuingia chunguni mpaka yeye aupindue. Sheria hiyo niliikuta nilipoolewa, pamoja na nyingine iliyoambatana nayo: aliyeukagua ndiye anayekula kwanza, peke yake, bakuli dogo, na nyumba nzima inasubiri. Kivuli cha paa kikishafika kwenye mafiga ya nje, na yeye bado anaongea na kugomba kama kawaida yake, ndipo wengine wanapakuliwa. Siku ya kwanza nilipoliona jambo hilo niliwahurumia watoto waliokuwa wakimeza mate mlangoni. Nilidhani ni uroho wa mama mkwe tu, kutaka kuanza yeye.

Nyumba ile iko kijijini, ndani kidogo ya barabara ya kutoka Urambo kwenda Kaliua, mahali ambapo miombo bado imesimama baina ya mashamba ya tumbaku. Familia ya mume wangu ni Wanyamwezi, Wamoraviani wa kuimba kwaya mpaka jikoni. Mimi nilizaliwa Ulyankulu, wazazi wangu walitoka Burundi, na kwetu tulisali Katoliki. Mama mkwe hakuwahi kunisumbua kwa dini wala kwa asili. Alinisumbua kwa uyoga. Wiki ya kwanza aliniambia mbele ya mawifi, "Nyie kwenu mnakula chochote kinachovaa kofia." Nilikuwa na ulimi mwepesi kuliko inavyompasa bibi harusi, nikamjibu kwamba hata hivyo tuko hai wengi. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. Kesho yake alfajiri akaniamsha twende porini.

Somo lake la kwanza lilikuwa kuninyang'anya kisu. Nilizoea kukata uyoga juu ya udongo ili nisichafue kikapu. "Ukiukata hapo," alisema, "jina lake umeliacha ardhini." Yeye aliuchimbua kwa kidole gumba na kijiti, akautoa mzima na matope yake. Uyoga wa kichuguu, ambao ndio hasa tuliokuwa tukiufuata, una mzizi mwembamba unaoteremka mpaka kwa mchwa wenyewe. Ukiuvuta kwa pupa unakatika, ukiufuata taratibu unatoka karibu urefu wa mkono. Kofia yake ina chuchu ngumu katikati, ile inayotoboa ardhi kavu. Ukiupindua unakuta matamvua, yale mapande membamba yaliyobanana chini ya kofia, meupe uyoga ukiwa mchanga, kisha yanashika wekundu mwepesi kama ukucha wa mtoto. Matamvua hayo hayaugusi mguu. Yanaishia kando yake na kuacha mfereji mdogo wa mviringo, na mama alinifanya niupitishe ukucha kwenye mfereji huo, uyoga baada ya uyoga, mpaka nikachoka.

Ule wa njano niliouzoea Ulyankulu aliukubali pia, ila alinionyesha kitu nilichokuwa nakila tangu utotoni bila kukiona: chini ya kofia hauna matamvua ya kweli. Una mikunjo tu, inayoteremka mpaka katikati ya mguu, na huwezi kuubandua mkunjo mmoja ukaacha mwingine. Kulikuwa na mwingine wa rangi ya matofali ambao ukiukwaruza unatoa maziwa. Huo tuliuchukua njaa ikiwa kali, kwa sababu unatafunika kama kandambili. Na mweupe wenye pete shingoni na mfuko chini, mfano wa yai lililopasuka, mama hakuugusa hata kwa fimbo. Alisema huo kusubiri kivuli hakusaidii kitu, maana unakuacha ule, ulale, uamke mzima, ndipo unaanza kazi yake.

Majirani walikuwa na vipimo vyao. Mmoja alitia kitunguu chunguni, akasema kikigeuka cheusi uyoga ni mbaya. Mwingine aliangalia kama konokono ameula. Mama aliwasikiliza kwa adabu, na tukifika njiani anaanza. "Konokono ana tumbo lake na mimi nina langu. Tangu lini tumekula sahani moja?" Nilikuwa nampenda sana akiwa katika hali hiyo. Kugomba kwake hakukuwa kwa hasira, kulikuwa ni namna ya kufikiri kwa sauti.

Aliougombeza kila mwaka ni uyoga wa malishoni. Huo ni mkubwa, unapendeza, una kofia nyeupe yenye magamba ya kahawia, na shingoni una pete nene unayoweza kuipandisha na kuishusha kama bangili. Chini hauna mzizi, umevimba tu kama kitunguu. Kinachowaponza watu ni kwamba matamvua yake nayo hayaugusi mguu, na kwa siku za mwanzo ni meupe kabisa. Ukikomaa yanaanza kugeuka kijani, kijani kichafu cha maji yaliyosimama. Ikiota mingi pamoja, mama hakuangalia kofia ya juu, aliangalia ya chini, kwa kuwa wa juu huimwagia unga wake. Unga wa uyoga wa kichuguu ni wa waridi hafifu. Wa malishoni ni kijani. Mtu mzima akila huo anatapika na kuharisha mpaka aone bora afe, na kwa mtoto au mzee hakuna ajuaye mwisho wake.

Misimu michache iliyopita nilianza kuona mama anauchukua uyoga mkononi na kuusogeza mlangoni, kwenye mwanga, kisha anaunusa kwa muda mrefu kuliko zamani. Mume wangu akampeleka kliniki ya macho. Walisema ni presha ya macho, mishipa ya nyuma imekwisha kuharibika, dawa zitalinda kilichobaki tu. Mama alirudi na vichupa vyake, akaketi, akavuta ungo. Kwake yeye kilichobaki kilikuwa kinatosha.

Hakikutosha. Siku moja nilikuwa nimechuchumaa pembeni yake nikichambua kisamvu, nikamwona anaweka upande wa uyoga mzuri mmoja wa malishoni, mkubwa, matamvua yake yana kijani ambacho mimi nilikiona kutoka pale nilipokuwa. Uyoga ukishapita mikononi mwa mama hakuna anayeruhusiwa kuurudia. Kuutoa mbele ya watu ilikuwa ni kumwita kipofu mbele ya wanawe na wakaza wanawe. Kuuacha ilikuwa ni kumlisha yeye, kwa sababu ndiye atakayekula kwanza. Nikainuka, nikamletea maji ya kunywa kwenye kikombe, na wakati anapokea nikauchomoa kwa mkono wa pili nikauficha kwenye kanga. Baadaye nikautupa chooni.

Msimu ule wote niliishi hivyo. Kila alipokagua, mimi nilikuwa karibu, na kila nilipoona kitu nilimletea maji. Nilimwambia mume wangu azungumze na mama yake. Akaniambia, "Wewe ndiye mwenye maneno, zungumza wewe." Nikamwambia huyo ni mama yako, si mama yangu. Akasema, "Tangu lini?" Tukanuniana siku kadhaa, kila mmoja akijua mwenzake anaogopa kitu kilekile. Nilikuwa nikimkasirikia yeye kwa kuwa nilishindwa kumkasirikia mama.

Kisha, msimu uliofuata, wifi yangu akaja kula Krismasi kutoka Dar es Salaam. Ni mtu mwema, mchapakazi, ila alikuwa amekaa mjini miaka mingi na uyoga alioujua ni ule unaouzwa umepangwa kwenye pakiti, safi, hauna hata punje ya mchanga. Siku moja mimi nilikuwa nimekwenda Kaliua kwenye msiba. Mama akamwambia wifi achukue kikapu akaangalie kichuguu chao kikubwa, kile cha mwisho wa shamba, ambacho kiliwapa uyoga tangu baba mkwe akiwa hai. Hakuhitaji macho kumwelekeza. Aliijua njia kwa nyayo.

Jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kumwambia ni kwamba kichuguu hakikuwepo tena. Vijana walikuwa wamekichimba kiangazi kile kufyatulia matofali, kwa sababu udongo wa kichuguu ndio unaoshika vizuri, na mahali pale pakabaki sawa. Mvua za kwanza zikaotesha majani, ng'ombe wakaanza kulala hapo. Na katika majani hayo kweli uliota uyoga, mweupe, mwingi. Wifi alifurahi, hata hakujiuliza kichuguu chenyewe kiko wapi. Alikata kofia tu, miguu akaiacha kwa kuwa ilikuwa na tope na kinyesi. Alipofika nyumbani akaziosha kofia zote na kuzisugua kwa kidole mpaka magamba yakatoka, kisha ndipo akamwekea mama kwenye ungo.

Mama alimgombeza kwa kukata. Hilo watoto walilisikia wote. Lakini aliamini uyoga umetoka kwenye kichuguu chake, na alipoupindua akapitisha ukucha pale mguu ulipokuwa, akaukuta mfereji mdogo wa mviringo, matamvua yameishia kando kama yanavyopaswa. Pete inayoteleza na kile kitunguu cha chini vyote vilibaki malishoni. Ulikuwa bado mchanga, kijani kilikuwa hakijaonekana wazi, kwa hiyo hata mtu mwenye macho yake mawili angeweza kupita. Akasema upikwe. Ukapikwa kwa karanga. Akapakuliwa bakuli lake.

Nilirudi jua limeanza kulegea. Nilikuta watoto wamekaa kimya ukutani, na kwetu ukimya wa watoto si jambo la kawaida. Mama alikuwa mkekani, anatapika kwenye beseni, jasho linamtiririka. Wifi alikuwa amemshika mabega, analia. Kitu cha kwanza nilichofanya nilikwenda jikoni kufunua chungu. Kilikuwa kimejaa. Hakuna mwingine aliyekuwa ameonja, kwa sababu kivuli kilikuwa hakijafika. Pembeni ya mafiga palikuwa na kofia moja kubwa kuliko nyingine, imebaki. Nikaipindua, nikaipeleka nje kwenye mwanga. Kijani kilikuwa kimeanza kwenye kingo za matamvua, kidogo sana, unakiona ukijua unatafuta nini.

Mume wangu akamkalisha mama kwenye bodaboda katikati yake na dereva, wakaenda zahanati. Mimi nilimwaga chungu chooni, nikafuata kwa miguu na kanga za kubadilisha. Nilipofika walikuwa wamemtundikia dripu. Alikaa pale mpaka kutapika kukakoma na haja yake ikatulia. Mguu wake nilioushika chini ya shuka ulikuwa mwepesi na baridi. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumpa wifi, na yalikuwa mengi, na nilitaka kuyasema palepale mbele ya wagonjwa. Nadhani mama aliyasikia kabla sijafungua mdomo. "Mwache," alisema. "Kisu kilikuwa chake, ungo ulikuwa wangu."

Aliporudi nyumbani na kupata nguvu ya kuketi, aliniita. Aliusukuma ungo kwa mguu ukanifikia.

"Chukua," alisema.

"Mama, utapona, tutakagua wote."

"Msimu uliopita ulikuwa unaniletea maji kila saa, na mimi sikuwa na kiu. Unadhani sikujua ungo unapungua?"

Nilijisikia kama nimekamatwa naiba. Nikamuuliza, "Sasa mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Nilijua kwamba hapo ndipo anaponipa kitu ambacho alikishika tangu alipokuwa mke kijana, na kwamba ananipa kwa kuwa amelazimika, si kwa kuwa ametaka. Ningeweza kumshukuru lakini ingekuwa kama kumshukuru mtu kwa kuanguka. Nikauchukua ungo nikautundika jikoni.

Mvua zilizofuata nilikwenda porini na mama akiwa ameshika bega langu. Alitaka kila uyoga upite mkononi mwake kabla ya kikapu, si kwa kukagua, ila kwa kujua tumepata nini. Nilichimbua yote mzizi mpaka mwisho, bila kukata hata mmoja. Nyumbani nilitandaza kwenye ungo nikaipindua mmoja mmoja: chuchu, matamvua, mfereji, mguu usio na pete, mzizi. Miwili niliyoitilia shaka niliitupa, ingawa leo nadhani ilikuwa mizuri tu. Nikapika. Nikapakua bakuli dogo, nikaketi nalo, kwa sababu sheria ilikuwa wazi na mimi ndiye niliyekagua. Nilikuwa naogopa, sikatai. Nilikuwa nimeshawaambia watoto wasubiri nje.

"Lete hapa," mama alisema.

Nilidhani anataka kunusa. Nikampelekea bakuli karibu na uso. Alilishika kwa mikono miwili akalitia mapajani.

"Mama, ni zamu yangu sasa. Ulinipa mwenyewe."

"Nilikupa ungo. Bakuli sikukupa."

"Kwa hiyo huniamini?"

Ilinitoka kwa ukali, na mume wangu aliyekuwa mlangoni akainama kutazama viatu vyake. Mama hakukasirika. Alitafuta tonge la ugali kwa vidole, akalipata.

"Ningekuwa sikuamini ningemwaga," alisema. "Macho yako nayaamini. Lakini hata yangu yalipokuwa mazuri nilikuwa naogopa kila siku ya uyoga, wewe hukujua tu. Una watoto wanaokungoja hapo nje. Mimi wangu wameshakua, mwingine huyo ameota kipara."

Mume wangu akacheka kidogo kwa pua. Mimi sikuweza. Mama alichovya tonge, akala. Alikula bila haraka na bila kusitasita, akapangusa karanga zilizobaki kwa kidole. Kisha akalirudisha bakuli mkononi mwangu, akaegemea ukuta na kuanza kuulizia habari za kwaya, nani siku hizi anaimba sauti ya pili na kwa nini wamemwachia yule anayevuta pumzi kama mvukuto.

Nilimjibu sijui nini. Muda wote ule nilikuwa nikiurudia ule ungo kichwani, uyoga mmoja mmoja, nikiupindua tena. Huu ulikuwa na mzizi. Huu nao. Ule mdogo uliokatika kidogo, je, niliuona mwisho wake au nilidhani tu? Kivuli kilikuwa kinatambaa kama hakitaki. Nilielewa kwa mara ya kwanza alichokuwa anakaa nacho pale mkekani miaka yote ile, tukimdhania uroho. Kilipofika kwenye mafiga mama hakukiona, lakini jua lilikuwa limemtoka miguuni. "Waite wale," alisema. Nikaenda nyuma ya nyumba kwanza, nikalia, nikanawa uso, ndipo nikawaita.

Alikula wa kwanza misimu yote iliyobaki. Nilibishana naye kila mara, na kila mara nilishindwa. Ilifika mahali nikawa napakua bakuli na kumpelekea moja kwa moja kuepusha maneno. Alifariki kiangazi kilichopita, usingizini, kwa moyo. Wifi alikuja kuzika, akakaa nasi mpaka arobaini, akajifunza kuchimbua.

Mvua za mwaka huu zilipoanza nilikwenda porini, nikarudi na kikapu kizuri. Nilikagua, nikapika kwa karanga, nikapakua bakuli dogo. Mume wangu alikuwepo na watoto walikuwepo. Niliketi mkekani, nikaliweka bakuli mbele yangu, nikanawa mikono. Nilikaa kitambo nikilitazama, nadhani nilikuwa nangoja mtu anyooshe mkono. Hakuna aliyenyoosha. Nikala.